Mocímboa da Praia: Gesi Iko Baharini, Mkaa Uko Jikoni

Alfajiri katika mtaa wa Milamba huanza kwa sauti za wavuvi. Mashua na ngalawa zilizokesha baharini hurejea na upepo wa asubuhi, matanga yakishushwa kabla ya kufika mchangani, na kina mama husogea ukingoni na mabeseni yao kupokea samaki. Mbele kidogo, chini ya minazi, jiko la kwanza la mkaa limekwisha washwa. Hapo huchemshwa chai na mihogo, hukaangwa samaki wadogo, na wale waliokesha majini hupata cha kutia tumboni kabla ya kwenda kulala.

Moshi wa jiko hilo ni jambo la kawaida katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Lakini katika mji huu wa Mocímboa da Praia una maana ya pekee. Chini ya bahari hiyohiyo wanayoivua wazee wa Milamba imelala gesi asilia nyingi ajabu, mojawapo ya hazina kubwa kabisa zilizogunduliwa ulimwenguni tangu karne hii ianze. Meli huipakia na kuipeleka nchi za mbali. Na jiko lililo karibu nayo kuliko majiko ya nchi hizo bado hungoja mti ukatwe, uchomwe tanuruni, utiwe katika gunia na kuletwa mjini kwa baiskeli.

MJI WA NDUGU

Mocímboa da Praia umo kaskazini mwa Jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kiasi cha kilomita 100 kusini mwa mlango wa Mto Ruvuma. Jina lake la Kireno maana yake ni Mocímboa ya Pwani, ili usichanganywe na Mocímboa do Rovuma, iliyoko bara karibu na mto. Una bandari ndogo, uwanja mdogo wa ndege, na barabara moja kubwa inayopita Awasse kuelekea nyanda za juu za Mueda na kusini hadi Macomia na Pemba. Barabara nyingine huelekea kaskazini, Palma.

Mtu aliyetoka Mikindani au Kilwa hawezi kujiona mgeni mjini humo. Wenyeji wa pwani ni Wamwani, na lugha yao, Kimwani, ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Jina lenyewe latokana na neno lao la pwani. Sokoni husikika pia Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, na Kireno hutawala ofisini na shuleni. Mwanamke wa Kimakua hupaka usoni msiro mweupe, kama liwa inavyopakwa. Chakula ni kilekile: ugali wa muhogo, wali wa nazi, samaki wa kuchoma. Mashambani kuna mikorosho, minazi na ufuta.

Undugu huo haukuletwa na chakula peke yake. Tangu miaka ya 1890 hadi mwaka 1929 eneo lote hili lilikuwa mikononi mwa kampuni iliyoitwa Companhia do Niassa, iliyokuwa na haki ya kutoza kodi ya vichwa na kuwatumikisha watu. Wengi waliuvuka Ruvuma kuikimbia kodi hiyo na kuja kukata mkonge Tanganyika. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi wananchi waliokusanyika Mueda. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Septemba 1964, risasi za kwanza za vita vya ukombozi vya FRELIMO zilisikika Chai, katika jimbo hilohilo la Cabo Delgado. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, walipita Mtwara na Newala, na majeruhi wao walirudishwa Tanzania kutibiwa. Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Kwa hiyo askari wa Tanzania asomapo habari za Cabo Delgado husoma habari za nyumba ya jirani ambayo babu yake alisaidia kuijenga.

GESI YA RUVUMA

Mwaka 2010 kampuni ya Kimarekani ya Anadarko iligundua gesi katika bahari iliyo mkabala na Palma. Mwaka uliofuata kampuni ya Eni ya Italia ikapata nyingine katika kitalu jirani. Wataalamu walipojumlisha, waliona kwamba bonde la Ruvuma upande wa Msumbiji lina gesi ya zaidi ya futi za ujazo trilioni 100. Tanzania, upande wa pili wa mto, imehesabu zaidi ya trilioni 57 katika visima vyake vya nchi kavu na vya bahari kuu.

Gesi ina tabia moja inayoitofautisha na korosho au samaki. Haichukuliki katika gunia. Kuna njia mbili kubwa za kuisafirisha. Njia ya kwanza ni kuipoza mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ikageuka maji na kupungua mara 600, kisha kuipakia katika meli maalumu. Njia ya pili ni kuipitisha katika bomba la chuma, ikisukumwa kwa nguvu toka kisimani hadi kwa mtumiaji.

Msumbiji ilianza na njia ya meli. Mtambo wa Coral Sul, uliojengwa Korea Kusini juu ya chombo chenye urefu wa meta 432, ulifika mwaka 2022 na kutia nanga juu ya bahari yenye kina cha meta 2,000. Mwezi Novemba mwaka huo shehena ya kwanza iliondoka kwenda Ulaya. Mtambo huo huweza kutoa tani milioni 3.4 za gesi kimiminika kwa mwaka, wala haugusi nchi kavu hata kidogo. Mwingine, mkubwa zaidi, ulipangwa kujengwa katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, na uamuzi wa kuujenga ulitolewa mwezi Juni 2019. Kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies, iliyokuwa ikiitwa Total wakati huo, iliununua uongozi wa mradi huo mwaka huohuo. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola za Kimarekani bilioni 20, nao ulikusudiwa kutoa tani milioni 13 hivi kwa mwaka.

Kwa watu wa Mocímboa da Praia, mradi wa Afungi ulikuwa habari ya riziki. Bandari yao ilikuwa karibu. Vijana walitumaini kazi ya ujenzi na udereva, kina mama walitumaini wateja wa samaki na mboga, na wenye nyumba walitumaini wapangaji.

MIAKA YA MOTO

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2017, vikundi vya watu wenye silaha vilivamia vituo vya polisi mjini humo. Waliokufa siku hiyo walikuwamo askari polisi waliokuwa zamu. Hivyo ndivyo vilivyoanza vita vya Cabo Delgado, na ni vema ikumbukwe kwamba damu ya kwanza ilikuwa ya watu waliovaa sare na kuacha nyumbani chakula kimefunikwa.

Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliikumba pwani ya jimbo hilo na kubomoa nyumba nyingi. Tarehe 23 Machi 2020 wavamizi waliuteka mji kwa muda mfupi, kisha wakaondoka. Mwezi Agosti 2020 walirudi, wakaiteka bandari, na safari hii hawakutoka. Kwa muda wa mwaka mzima mji ukawa mikononi mwao, na wakazi wakatawanyika: wengine Mueda, wengine Pemba, wengine visiwani kwa mashua zilizojaa kupita kiasi. Tarehe 14 Oktoba 2020 moto huo ulivuka mto na kufika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Tarehe 24 Machi 2021 Palma nayo ikashambuliwa, na mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wa Afungi kwa kutangaza hali isiyozuilika.

Mwezi Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari na polisi 1,000, na Jumuiya ya SADC ikapeleka jeshi lake, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizotoa askari. Tarehe 8 Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliingia tena Mocímboa da Praia. Walikuta mitaa mitupu, paa zilizoezuliwa na majani yaliyoota vizingitini. Katika mwaka 2022 wenyeji walianza kurejea, na mwishoni mwa mwaka huo bandari ikapokea meli tena. Jeshi la SADC lilimaliza muda wake mwaka 2024.

Lakini amani haikukamilika. Mwezi Septemba 2025 mashambulizi yaliingia tena katika mitaa ya mji, watu wakauawa, na maelfu ya familia zikafunga mizigo kwa mara nyingine. Mwezi Novemba mwaka huohuo TotalEnergies iliondoa tangazo lake la kusimamisha mradi. Mtambo wa Afungi ukarudi katika ratiba, na matumaini ya kuanza kutoa gesi yakawekwa mwaka 2029. Mambo hayo mawili yametokea katika majira yaleyale, umbali usiofika kilomita 100 baina yake: nyumba zikihamwa, na mabilioni yakirejea.

MTUNGI SI BOMBA

Katika ukurasa wa nyumbani inafaa kueleza jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Gesi ya mtungi inayouzwa madukani si gesi ya Ruvuma. Ile ya mtungi kwa kawaida huletwa kwa meli kutoka nje, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, hujaa chini ya kitanda na penye shimo, na huweza kulipuka cheche ikiifikia. Gesi asilia ya bomba ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda juu, na hutoka upesi penye dirisha au tundu la juu ya ukuta. Kwa hiyo jiko la mtungi huhitaji tundu la hewa karibu na sakafu, na jiko la bomba huhitaji tundu karibu na dari.

Gesi zote mbili kwa asili yake hazinuki harufu kali. Ile ya jikoni hutiwa dawa yenye harufu mbaya makusudi ili mama mwenye nyumba aigundue ikivuja. Akiisikia, asiwashe kiberiti, asiguse swichi ya taa, wala asipige simu akiwa ndani. Afunge koki, afungue madirisha, awatoe watoto nje, kisha aite msaada.

Faida ya bomba nyumbani ni kwamba halina mtungi wa kubeba, wala haliishi wali ukiwa nusu. Tanzania imekwisha unganisha nyumba kadhaa Dar es Salaam, Mtwara na Lindi, na nchini Msumbiji mtandao wa Maputo na Marracuene ulianza kazi mwaka 2014. Serikali ya Tanzania ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Agizo hilo lilizigusa shule na magereza, na kila mpishi wa kambi anajua uzito wake: sufuria ya watu mia tano humeza mzigo mzima wa kuni kabla maharage hayajaiva.

RAMANI YENYE PENGO

Akichukua ramani ya mabomba ya gesi ya Afrika Mashariki na Kusini, msomaji ataona mistari michache tu, nayo haikutani.

Kusini kabisa kuna bomba la kutoka Temane, katika Jimbo la Inhambane, mpaka Secunda nchini Afrika Kusini. Lina urefu wa kilomita 865, na lilianza kazi mwaka 2004. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gesi hiyo ilivuka mpaka kwenda viwanda vya Sasol, na Wasumbiji walipata sehemu ndogo. Sasa visima vya Pande na Temane vinachoka, na Afrika Kusini inatafuta mahali pa kupata gesi nyingine kabla ya mwisho wa muongo huu.

Kaskazini kuna mabomba ya Tanzania. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982, lakini ilikaa chini miaka mingi kwa kukosa bomba. Bomba la Songo Songo lilifika Dar es Salaam mwaka 2004. Mwaka 2015 likafunguliwa bomba kubwa la kutoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam, lenye kipenyo cha inchi 36 na urefu wa zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa China wa dola bilioni 1.225 uliolipia pia mitambo ya kusafisha gesi. Tangu hapo gesi ilitoa zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa, mpaka Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kutoa umeme wake mwaka 2024. Mwezi Mei 2021 Tanzania na Kenya zilitiliana mkono juu ya bomba la kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, na Uganda nayo imezungumza na Tanzania juu ya gesi hiyo.

Katikati ya mistari hiyo miwili kuna pengo refu, na Mocímboa da Praia imo ndani yake. Mwaka 2016 ulitangazwa mpango wa bomba la kilomita 2,600 litakalotoka Palma, lipite majimbo ya Msumbiji na kuishia Afrika Kusini, likigawa gesi njiani. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola bilioni 6. Halikujengwa. Mwezi Januari 2017 serikali ya Msumbiji ilichagua makampuni ya kutumia gesi ya Ruvuma nchini, kwa mbolea, kwa mafuta ya magari, na kwa kituo cha umeme cha megawati 250 huko Nacala. Vita na kusimama kwa Afungi viliiacha mipango hiyo katika makaratasi.

Pengo la upande wa kaskazini ni dogo zaidi, na kwa hiyo linashangaza zaidi. Kutoka Afungi hadi Madimba, kwa mstari ulionyooka, hakufiki kilomita 100. Upande mmoja wa Ruvuma kuna gesi nyingi inayongoja mtambo. Upande wa pili kuna bomba la inchi 36 ambalo katika miaka yake ya kwanza lilipitisha sehemu ndogo tu ya gesi linayoweza kupitisha. Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010 huko Mtambaswala ili magari yavuke. Gesi haina daraja lake.

SOMO LA AWASSE

Kwa nini nchi zijisumbue kuunganisha mabomba? Jibu limo palepale Mocímboa, katika jambo lililotokea mwaka 2020.

Umeme wa wilaya za kaskazini mwa Cabo Delgado ulikuwa ukipita katika kituo kimoja cha kupozea umeme kilichoko Awasse. Wavamizi walipokiharibu kituo hicho, wilaya tano ziliingia gizani kwa pamoja: Mocímboa da Praia, Palma, Mueda, Nangade na Muidumbe. Hapakuwa na njia nyingine ya kuzungusha umeme. Mueda, ambako mji haukutekwa na ambako maelfu ya wakimbizi walikuwa wamejaa, nayo ilikaa bila umeme. Pampu za maji zilisimama, barafu za samaki zikayeyuka, na chanjo zikahitaji jenereta. Kituo kimoja kilipopigwa, waliokuwa mbali nacho pia walijeruhiwa.

Ulaya, pamoja na utajiri wake, ililipata somo hilohilo mwezi Januari 2009. Urusi na Ukraine ziligombana juu ya bei, na gesi iliyokuwa ikipita Ukraine ikakatika kwa wiki mbili katikati ya baridi kali. Bulgaria na Slovakia, zilizotegemea njia hiyo moja, zilifunga viwanda. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ulitunga sheria yenye kanuni mbili za busara ya nyumbani. Ya kwanza ilisema kila nchi ihakikishe kwamba njia yake kubwa kuliko zote ikikatika, zile zilizobaki zatosha. Ya pili ilitaka mabomba ya mipakani yaweze kupeleka gesi pande zote mbili. Urusi ilipopunguza gesi yake mwaka 2022, mabomba hayo ya kupokezana yalisaidia sana, pamoja na shehena za meli, zikiwamo za Coral Sul.

Hata bila sheria jambo hilo laeleweka: mwenye visima viwili hafi kiu. Bomba moja refu kutoka kisima kimoja hadi mji mmoja ni uzi. Ukikatwa, kazi imekwisha. Mabomba yanayokutana ni wavu. Wavu ukitoboka jicho moja, samaki bado huvuliwa. Kama gesi ya Afungi, Mnazi Bay na Songo Songo zingekutana, hitilafu ya kisima kimoja isingezima taa za mji mzima. Tena bomba lenyewe ni ghala: gesi iliyoshindiliwa ndani yake huendelea kutumika kwa saa kadhaa hata chanzo kikisimama, na saa hizo humtosha fundi kufunga valvu na kugeuza njia.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Bomba ni ghali, na mapishi ya mji mdogo hayawezi kulilipia. Akina mama wote wa Mocímboa wakipika kutwa mara tatu, gesi watakayotumia ni kidogo mno mbele ya gharama ya kilomita moja ya chuma. Ndiyo sababu bomba huhitaji kwanza mnunuzi mkubwa, kama kituo cha umeme au kiwanda cha mbolea, kisha matawi ya nyumbani yafuate. Kwa mji kama huu, gesi huenda ikafika kwanza ikiwa umeme katika waya, au ikiwa imeshindiliwa katika malori, kama yanavyojazwa magari ya Dar es Salaam. Mpango unaosema ukweli huo ni bora kuliko ahadi ya bomba katika kila jiko.

MLINZI WA BOMBA NI NANI?

Bomba la gesi huzikwa ardhini, hupakwa dawa ya kuzuia kutu, na juu yake huwekwa nguzo za alama. Juu ya njia yake haijengwi nyumba wala haipandwi miti yenye mizizi mirefu, kama mkorosho. Kila umbali fulani kuna valvu za kufunga sehemu moja bila kusimamisha nyingine. Hayo ni ya mafundi. Lakini bomba la kilomita mia kadhaa hupita vijiji vingi, na hakuna jeshi duniani lenye askari wa kumsimamisha kila baada ya meta mia, usiku na mchana, kwa miaka 30.

Mtwara ilifundisha jambo hilo. Mwezi Januari na tena mwezi Mei 2013 ghasia zilizuka huko juu ya bomba la kwenda Dar es Salaam. Watu walisema gesi inatoka kwao na haiwaachii kitu. Maisha ya watu yalipotea, nyumba na ofisi zilichomwa, na polisi na wanajeshi walijikuta mbele ya wananchi wao wenyewe, kazi ambayo hakuna askari mwema anayeifurahia. Bomba lilijengwa, na nyumba za Mtwara zikaja kuunganishwa baadaye. Askari aliyesimama barabarani mwaka 2013 angependa maelezo hayo na matawi hayo yangalitangulia.

Cabo Delgado ina kilio kinachofanana na hicho, chenye uzito zaidi kwa sababu ya vita. Wavuvi wa Palma walihamishwa mbali na bahari ili kuupisha mradi. Vijana waliona magari mapya yakipita, nao wakabaki kando ya barabara. Hakuna malalamiko yanayohalalisha kumchinja mkulima au kumteka binti. Waliofanya hayo ni wauaji, na askari waliowakabili walitimiza wajibu wao. Hata hivyo kijana mwenye kazi, mwenye taa nyumbani na mwenye shule ya mdogo wake huwa mgumu kushawishiwa. Na kijiji chenye umeme unaotokana na bomba huliangalia bomba hilo kama kinavyoangalia kisima chake. Mgeni akichimba karibu nalo usiku, mbwa watabweka, na mzee atatuma mtoto kituoni.

Hapo ndipo ulinzi wa bunduki na ulinzi wa jiko vinapokutana. Askari huleta usalama ili bomba lipite. Bomba likiacha tawi kijijini, kijiji humsaidia askari kulilinda. Likipita bila kuacha kitu, askari hubaki peke yake porini, na familia yake nyumbani hubaki na wasiwasi usiokwisha.

JIONI KATIKA GHUBA

Jioni, upepo unapogeuka, mashua za Milamba husukumwa tena majini. Baadhi yao ni mpya, kwa kuwa zile za zamani zilichomwa au zilichukuliwa. Katika mtaa wa Nanduadua watoto hufukuzana kati ya kuta zilizojengwa upya na kuta zilizobaki magofu. Njiani wapo wanaorudi na mizigo kichwani, na wapo ambao bado hawajafungua mizigo yao, wakisubiri kuona msimu huu utakwendaje.

Mama mmoja huchota makaa kwa kijiko na kuyapanga jikoni, machache, kwa hesabu, maana gunia limepanda bei na njia ya porini si ya kuaminiwa kila siku. Kila gunia la mkaa limetoka msituni, na mchomaji wake alihatarisha maisha kulifuata. Gesi ikifika mji huu kwa waya au kwa bomba, mchomaji huyo ataweza kulala nyumbani kwake, na polisi wa doria watakuwa na porini mtu mmoja pungufu wa kumtafuta.

Siku hiyo bado haijafika. Mama hupepea jiko kwa kipande cha boksi, cheche hupanda, na sufuria ya samaki huanza kuchemka.